Nyumba si yangu, bima ya nini?

Maswali ya wasomaji kuhusu bima ya mpangaji. Mengi yametoka Marekani, ambako siku hizi wenye nyumba wengi hudai karatasi ya bima hiyo kabla hawajakabidhi ufunguo. Moja limetoka Nairobi.

Mwenye nyumba amekataa kunipa ufunguo mpaka nilete karatasi ya bima. Jengo ni lake na najua amelikatia bima. Kwa nini kitu kimoja kilipiwe mara mbili?
*Mama wa watoto watatu, Louisville, Kentucky*

Mama, ni vitu viwili tofauti. Bima yake inalinda jengo: kuta, paa, mabomba, nyaya, pamoja na jiko na friji ulivyovikuta ndani. Moto ukizuka, kampuni yake itamjengea. Magodoro yako, nguo za watoto, runinga na sufuria zako havimo, hata kama moto umeanzia kwa jirani na wewe huna kosa lolote.

Bima ya mpangaji, ambayo kwenye makaratasi ya Marekani hutambulika kwa alama HO-4, ina mafungu manne. La kwanza ni vitu vyako. La pili ni gharama za kuishi pengine nyumba ikiwa haikaliki. La tatu ni dhima, yaani hasara au maumivu unayowasababishia wengine bila kukusudia. La nne ni matibabu madogo ya mgeni aliyeumia kwako, mara nyingi dola 1,000 hadi 5,000, bila kuulizana nani mwenye kosa.

Wengi hulitazama fungu la kwanza peke yake wakasema, "Vitu vyangu vyenyewe vya mtumba, vikiungua basi." Sisi tunaona la tatu ndilo lenye uzito. Chukua karai la mafuta ya maandazi lililoachwa jikoni dakika tatu mtu akaenda kufungua mlango. Upishi ndio unaoongoza kwa kusababisha moto majumbani Marekani, na kukaanga ndiko kubaya kuliko kote. Moto ukishika kabati, mifumo ya dari inaanza kunyunyiza maji, na maji yanashukia wapangaji wa chini. Kampuni ya mwenye nyumba italipa matengenezo, kisha katika majimbo kadhaa inaweza kumgeukia mpangaji aliyesababisha moto ili irudishiwe fedha zake. Majirani nao wana haki ya kudai vyao. Fungu la dhima ndilo linalosimama hapo, likalipa madai na wakili wa kukutetea. Kiwango cha kawaida cha kuanzia ni dola 100,000. Kukipandisha hadi 300,000 huongeza dola chache tu kwa mwezi, nasi tungekipandisha bila kusita. Uzembe hulipiwa. Kilichofanywa kwa makusudi hakilipiwi.

(Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike sufuria kwa mfuniko wa chuma. Usimwagie maji: yanageuka mvuke mara moja na kurusha mafuta yanayowaka hadi darini.)

Kuhusu sharti lenyewe, hakuna sheria ya serikali kuu inayomlazimisha mpangaji kukata bima. Kinachokufunga ni mkataba wa upangaji. Usome uone mambo mawili. Kwanza, kiasi cha dhima anachotaka. Pili, kama anataka jina lake litajwe. Akitaka litajwe, mwambie wakala wa bima amwandike kama mtu wa kupewa taarifa tu, yaani anaarifiwa bima ikikatika. Si lazima awe mwenye bima pamoja nawe, maana akiwa hivyo anaweza kuandikwa hata kwenye hundi ya fidia ya vitu vyako.

Halafu kuna mtego. Kampuni nyingi zinazosimamia majengo makubwa hukuambia, "Ukikosa bima, tutakukata dola 10 au 15 kila mwezi, yameisha." Hiyo kwa kawaida inamlinda mwenye jengo dhidi ya uharibifu utakaoufanya wewe. Vitu vyako havimo, hoteli haimo, na mgeni akiteleza kwako akavunjika mguu haikusaidii kitu. Bima kamili maeneo mengi huanzia kama dola 12 hadi 25 kwa mwezi, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Ukishaikata, peleka uthibitisho ofisini kwao kwa maandishi, na uangalie bili ya mwezi unaofuata kama ile ada imeondolewa. Mara nyingi hubaki palepale mpaka mtu aseme.

Wakala kaniuliza vitu vyangu vina thamani gani. Nikakisia dola 5,000. Nimekosea?
*Baba wa familia ya watu wanne, Columbus, Ohio*

Karibu hakika umekosea, ndugu. Tuhesabu nyumba ya kawaida, isiyo na anasa, kwa bei ya kununua vipya: vitanda vitatu na magodoro yake 1,800, nguo, viatu na makoti ya baridi ya watu wanne, kila mmoja 1,200, jumla 4,800, runinga 500, kompyuta mbili za mkononi 1,400, simu tatu 1,800, makochi 1,200, meza na viti 500, sufuria, blenda na vyombo 900, shuka, mablanketi na mapazia 800, baiskeli, viti vya gari vya watoto na vikorokoro vingine 1,300. Jumla dola 15,000. Ni makoti na viatu vinavyowadanganya watu, kwa sababu vilinunuliwa kimoja kimoja. Kata bima ya 20,000. Ada ya bima hiyo na ya bima ya 10,000 hazipishani sana.

Usihesabu kwa kukumbuka. Washa kamera ya simu, pita chumba kwa chumba, fungua kila kabati na kila droo huku ukitaja bei, na usimame kwenye namba ya nyuma ya kila mashine. Dakika ishirini zinatosha. Video itume kwa barua pepe yako mwenyewe, maana ikibaki kwenye simu pekee na simu ikaungua, umerudi mwanzo.

Jambo kubwa kuliko kiasi ni *namna* ya kulipa. Kwenye hati ya bima tafuta herufi ACV au RCV. ACV ni thamani ya kitu leo, kikiwa kimeshachakaa. RCV ni bei ya kununua kipya kinachofanana nacho. Tuseme vilivyoungua ni vya dola 6,000 madukani, lakini kwa uchakavu wake vinahesabiwa 3,200. Ondoa makato, yaani lile fungu unalolibeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa, tuseme 500. Kwa ACV unapata 2,700. Kwa RCV 5,500. Ukiona ada ya chini kupita kiasi, tazama kwanza kama si ACV.

RCV nayo ina utaratibu wake. Kwa kawaida kampuni hutanguliza thamani ya kitu kikiwa kimechakaa, kisha hukumalizia ukishanunua kitu kipya na kupeleka risiti. Muda huwekwa, hati nyingi siku 180 tangu hasara. Watu hupoteza fedha hapa kwa kununua sokoni bila risiti.

Makato hukatwa mara moja kwa tukio zima, si kwa kila kitu. Kwa hiyo usidai kwa ajili ya blenda. Dai la dola 550 kwa makato ya 500 litakupa dola 50 na kukuachia rekodi ambayo kampuni nyingine zitaiona miaka ijayo.

Naishi na mdogo wangu, rafiki niliyetoka naye kambini, na mke wangu. Bima yangu inawatosha wote?
*Dallas, Texas*

Mdogo wako, ndiyo, maadamu ni ndugu na anaishi hapo. Rafiki, hapana; hata mkiitana kaka miaka kumi, mbele ya kampuni si ndugu. Akate yake, au muulize wakala kama jina lake linaweza kuongezwa. Ushauri wetu ni akate yake, kwa sababu dai lake lisikuchafulie rekodi.

Kuhusu mke: kama ndoa yenu ni ya kimila au ya dini na hamkuandikishwa serikalini, usiliache jambo hilo mpaka siku ya moto. Majina yote mawili yaandikwe kwenye hati tangu mwanzo.

Mimi ndiye mweka hazina wa likelemba yetu. Fedha hukaa kwangu siku mbili tatu kabla ya kumkabidhi mwenye zamu. Zikiibwa?
*Dada, Grand Rapids, Michigan*

Hutalipwa zaidi ya dola 200 kama hati yako ni ya kawaida, nazo ni kabla ya kuondoa makato. Fedha taslimu zina kikomo chake cha ndani, hata kama bima yako ni ya dola 30,000. Upatu, mchezo, chama, jina lolote: zipitishe benki au kwa simu, mkabidhiane siku hiyohiyo.

Dhahabu ina kikomo vilevile, mara nyingi dola 1,500 kwa vito vyote vilivyoibwa kwa pamoja. Kama una bangili na mikufu ya harusi inayozidi hapo, ipeleke kwa sonara ipimwe na iandikwe thamani, kisha iorodheshwe peke yake kwenye hati. Utaongeza ada, lakini kitu kilichoorodheshwa hivyo kwa kawaida hulipwa bila makato, na hata kikipotea tu bila kuibwa.

Maji yameingia nyumbani kwangu, kampuni imekataa kulipa. Jirani yangu kalipwa. Kuna haki hapo?
*Houston, Texas*

Inategemea maji yalitoka wapi, na hili ndilo jambo linalowachanganya watu kuliko yote. Bomba likipasuka ghafla ukutani, au mpangaji wa juu akisahau bafu likafurika, bima ya mpangaji hulipa vitu vyako. Maji yakitokea nje yakatambaa juu ya ardhi na kuingia mlangoni, hayo ni mafuriko, nayo hayamo katika HO-4 yoyote ya kawaida. Wakazi wa Houston walilijua hilo kwa uchungu kimbunga Harvey kilipopita Agosti 2017. Maji machafu yanayorudi juu kupitia choo au tundu la sakafuni ni kundi la tatu: hulipwa tu kama uliongeza kifungu chake.

Bima ya mafuriko huuzwa peke yake. Ile ya mpango wa serikali kuu, NFIP, inamruhusu mpangaji kulinda vitu vyake hadi dola 100,000 hata kama mwenye jengo hana bima hiyo. Kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, kwa hiyo kuikimbilia wakati redio imeshatangaza kimbunga ni kazi bure.

Wasomaji wa Minnesota na majirani zao wa baridi wana kisa chao. Bomba lililopasuka kwa kuganda hulipiwa, ila kampuni itauliza kama uliacha nyumba na joto. Ukisafiri majira ya baridi, usizime kipasha joto ili kuokoa bili. Kiache kwenye nyuzi 55 za Fahrenheit au zaidi, ambazo ni kama 13 za Selsiasi.

Kunguni, mende, panya na ukungu wa siku nyingi: havilipwi. Hivyo mdai mwenye nyumba, kwa maandishi.

Nasuka nywele nyumbani na wikendi naangalia watoto wa majirani kwa malipo. Bima yangu inajua?
*Portland, Maine*

Haijui, na ikijua wakati wa dai utakuwa umechelewa. Fungu la dhima huacha nje biashara. Mtoto unayelipwa kumwangalia akiungua na chai, kampuni inaweza kukataa kukutetea. Mteja aliyeunguzwa kichwa kwa maji ya moto ya kumalizia misuko, vivyo hivyo. Vifaa vya biashara navyo vina kikomo, mara nyingi dola 2,500 vikiwa nyumbani na pungufu zaidi vikiwa nje. Mwambie wakala kwa maneno ya wazi unachofanya na mara ngapi kwa wiki. Atakuongezea kifungu cha biashara ndogo ya nyumbani, au atakwambia ununue bima ya biashara pembeni. Kulea watoto kuna masharti ya leseni yanayotofautiana jimbo kwa jimbo, kwa hiyo anza na hilo.

Kwa wasomaji waliotuandikia kuhusu jiko la mkaa kwenye baraza ya ghorofani: kanuni za moto za miji mingi zinalikataza kwenye baraza za mbao za majengo ya wapangaji wengi, au ndani ya futi 10, kama mita tatu, kutoka ukuta unaoweza kuungua. Kulileta ndani ni hatari zaidi, kwa sababu hewa ya mkaa huua bila harufu.

Tumevunjiwa nyumba jana. Bima tunayo lakini hatujui pa kuanzia, na Kiingereza chetu ni kidogo.
*Familia, Des Moines, Iowa*

Piga simu polisi leo, na usiondoke bila namba ya ripoti; bila hiyo dai la wizi halisogei. Kabla hujafagia wala kurekebisha mlango, piga picha kila kitu: kitasa kilichong'olewa, droo zilizomwagwa, hata nafasi tupu ilipokuwa runinga. Mlango wenyewe ni wa mwenye nyumba, kwa hiyo mwarifu kwa ujumbe wa maandishi. Kama umelazimika kununua kufuli au plastiki ya kuziba dirisha, weka risiti. Hati inakutaka uzuie hasara isiendelee, na gharama hiyo ya busara hurudishwa.

Kisha piga simu kwa kampuni ya bima na useme neno moja la kwanza: "Swahili". Kampuni nyingi hutumia wakalimani wa simu bila malipo. Usimtumie mtoto wa darasa la saba kutafsiri dai la maelfu ya dola. Utapewa namba ya dai na jina la mkaguzi wa hasara. Andika tarehe, saa na alichosema kila mnapoongea.

Orodha ndiyo kazi kubwa. Kwa kila kitu andika aina, kilinunuliwa lini na wapi, na bei yake ya sasa. Huna risiti? Taarifa za benki, picha za sikukuu ambamo runinga inaonekana nyuma ya keki, boksi lililobaki stoo, barua pepe za duka la mtandaoni: vyote ni ushahidi. Kampuni ikikuletea fomu ya maelezo ya kiapo, hati nyingi zinakupa siku 60 kuirudisha. Ziheshimu.

Usiongeze hata kitu kimoja. Runinga ya inchi 43 isigeuke 65. Uongo katika jambo moja unaweza kufuta dai zima, na kwa asiye raia, kesi ya udanganyifu inaweza kugusa hata karatasi za uhamiaji.

Kitu kilichoibwa ndani ya gari hulipwa na bima hii, si ya gari. Watu wengi hawajui hilo. Gari lenyewe ndilo lisilohusika.

Kama nyumba haikaliki, muulize mkaguzi *kabla* ya kuchagua hoteli anaruhusu bei gani. Fungu hili hulipa nyongeza tu juu ya maisha yako ya kawaida. Familia inayokula kwa dola 600 kwa mwezi, ikatumia 1,100 kwa kukosa jiko, hurudishiwa 500. Kikomo chake mara nyingi ni asilimia 20 hadi 30 ya kiasi cha bima ya vitu.

Wakikataa, omba barua inayotaja kifungu cha hati walichokitumia. Ukiona hakilingani na kilichotokea, peleka malalamiko kwa idara ya bima ya jimbo. Hakuna ada, na kampuni hulazimika kujibu.

Huku kwetu je? Nimepanga Nairobi, na naona bima ni za magari na hospitali tu.
*Kasarani*

Ipo, ila haitangazwi sana. Kenya huuzwa kama bima ya nyumbani yenye sehemu kadhaa: jengo, vitu vya ndani, vitu unavyotembea navyo kama kompyuta na kamera, mfanyakazi wa nyumbani kwa mujibu wa WIBA, sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, na dhima ya mkaaji. Wewe mpangaji ruka sehemu ya jengo. Chukua vitu vya ndani na dhima, na kama una yaya, sehemu ya mfanyakazi pia.

Kuna tofauti mbili na Marekani ambazo zitakuuma usipozijua. Wizi kwa kawaida hulipwa pakiwa na dalili za kuvunja. Mtu akiingia mlango uliokuwa wazi na kuondoka na laptop, sehemu ya vitu vya ndani haitakusaidia. Na ukikata bima pungufu, fidia hupunguzwa kwa uwiano uleule. Vitu vya shilingi 800,000 ukivikatia 400,000, kisha ukapata hasara ya 200,000, utalipwa 100,000, kabla ya makato. Ndiyo maana ile video ya chumba kwa chumba ina kazi hata Kasarani.

Hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya mamlaka ya bima, IRA (kwa Tanzania ni TIRA). Fedha zilipe kwenye paybill (namba ya kulipia kwa simu) ya kampuni yenyewe, si kwenye simu ya wakala, kwa sababu kwa sheria ya Kenya kampuni hairuhusiwi kubeba hatari yako kabla ada haijaifikia.